Swali la Saba

Mwalimu alisema watu watano kila kikundi.
Tulikuwa wanne.
Nyemo akaja mpaka kwenye meza yetu, fimbo yake ikigusa
mguu wa kiti, kisha mguu wangu,
akauliza kama kuna nafasi.
Masinjisa akajibu, "Tumeshajaa, dada,"
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu
ili usipige kelele.
Mimi nilikuwa natafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwangu.

Mada yetu tuliiokota kwenye kopo la karatasi:
Mtazamo wa wanachuo juu ya kuwatenga wenzao wenye ulemavu.
Hatukucheka. Wala hatukushtuka.

Wiki nzima tukapanda na kushuka vilima vya chuo,
upepo wa Julai ukituachia vumbi kwenye meno,
tukigawa dodoso bwenini, kantini, kwenye foleni ya maji.
Watu ni wema sana kwenye karatasi.
Swali la saba: Uko radhi kufanya kazi kikundi kimoja na mwenzako mwenye ulemavu?
Nakubali kabisa. Nakubali kabisa.
Tisini na mbili kwa mia,
na sisi wanne tumo humo,
tulitia vema kwa wino wa buluu.

Siku ya mwisho tukakumbuka: hatujamhoji hata mmoja wao.
Wao. Ndivyo tulivyosema.
Nikatumwa mimi.

Nilimkuta nyuma ya maktaba, upande usio na upepo,
anakula zabibu za Hombolo kwenye mfuko wa kaki,
anatema mbegu kiganjani, mojamoja, kama anayehesabu deni.
Dodoso letu halisomeki kwa vidole. Ikabidi nimsomee.
Sijui kama umewahi kumsomea mtu kosa lako
lililopangwa kwa namba, pamoja na visanduku vya kujibia.

Nilipofika la saba, akasema, "Rudia."
Nikarudia.
"Ninyi mlijibuje?"

Nikakohoa. Vumbi, nikasema.

"Siku ile nilisikia pumzi nne," akasema,
"na mmoja wenu alikuwa anabofya kalamu.
Ndiyo hiyo uliyoshika?"

Ndiyo hiyo.

Akanisogezea mfuko.
"Kula kwanza. Halafu andika:
mhojiwa hakujibu. Mhojiwa aliuliza."

Nimeandika. Masinjisa anasema jedwali halina safu ya jibu hilo,
litatuharibia asilimia, nilifute.
Sijalifuta. Sijamrudia Nyemo pia.
Zabibu zile zilikuwa tamu,
na mbegu zake bado ziko mfukoni mwa koti,
sijapata pa kuzitemea.