Diski ya Kadi za Harusi

Ilianza kwa kuchelewa.
Nilibonyeza jina la bibi harusi,
nikaenda jikoni kugeuza mahamri,
nikarudi: duara bado lazunguka kwenye skrini
kama mtoto aliyetumwa chumvi akapitia uwanjani.

Nikasema ni joto. Februari ya Majengo
hata kuta zatoka jasho.
Nikasema ni stima, yapotea na kurudi
bila hodi, kama jamaa wa mume.
Nikasema kila neno ila neno lenyewe.

Wiki ya pili faili likafunguka nusu:
Mnaalikwa kwa furaha na Bwana na Bibi Sha
kisha vidoa, visanduku vitupu,
herufi ambazo hazikusoma chuo chochote.
Nikazima. Nikawasha. Ikakaa sawa siku tatu.
Hapo ndipo ningekimbia.
Lakini mgonjwa akinywa uji siku moja
watu huahirisha hospitali.

Usiku wa Alhamisi, oda ya Jumamosi mezani,
nikasikia
          ta.
          ta. ta.
          ta.
Kucha ya mtu mlangoni
asiyetaka kuamsha majirani.

Jirani aliamka hata hivyo. Swaleh, mjuzi wa yote:
itie mfukoni, itie kwenye friza,
hapo kando ya barafu zako za ubuyu, asubuhi itapona.
Shemeji akasema ipige kofi,
ndivyo ilivyokuwa redio ya marehemu baba.
Nikaikumbatia kama kuku anayetafutwa.

Mwanasiti yuko ghorofani, nyuma ya Barabara ya Biashara,
binti wa fundi saa; sikio kalirithi.
Akaiinua hadi shavuni.
"Tangu lini?"
Nikasema wiki. Akanitazama. Nikasema mwezi.

"Sikiza, dada. Humu mna kichwa kama sindano,
chaelea juu ya sahani, hata vumbi halipiti katikati.
Sasa chatafuta njia hakiioni,
charudi mwanzo, chatafuta tena.
Ukiiwasha ovyo, chakwaruza.
Pumzi iliyobaki ni ya kunakili tu.
Nakala nyingine unayo?"
"Ninayo."
"Wapi?"
"Humo humo."
Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

"Basi chagua. Nianze na kipi?
Huenda tusimalize."

Miaka kumi na minne ya harusi za watu.
Kina Badi na waridi zao za dhahabu.
Kadzo wa Rabai, aliyebadilisha tarehe mara tatu
na kanisa mara moja.
Bwana yule wa Kisauni, wake wawili, miaka miwili,
muundo uleule, akaomba punguzo.
Nusu yao wameshaachana, nawaona sokoni
wakipishana kama hawajuani.
Diski haikupata habari za talaka.
Humo ndani bado wanawaalika watu kwa furaha.

"Jumamosi," nikasema. "Anza na Jumamosi.
Kisha wale ambao hawajanilipa."

Asilimia kumi. Thelathini.
Muadhini wa alasiri alianza akamaliza.
Sitini na nane. Mwanasiti hakugusa hata chai.
Sabini na moja.
          ta. ta.
Halafu kimya.

Folda ya mwisho inaitwa A,
niliyoifungua kwanza nilipokuwa najifunza kazi.
Kadi yangu na Shee Famau, buluu ya kaniki,
jina langu nimelikosea herufi moja.
Tuliicheka tukaichapisha hivyo hivyo, mia mbili.
Yeye yuko Lamu sasa, ana watoto na mwingine.
Hiyo haikuwahi.

"Nairobi kuna mtu hufungua diski," Mwanasiti akasema,
"ila ni ghali. Wataka?"

Nimenunua mbili mpya. Moja hukaa hapa,
moja kwa mama, Likoni,
na kila Ijumaa hubadilishana vivuko.
Ile ya zamani imelala kabatini, chini ya shuka.
Mtu wa Nairobi sijampigia.
Nambari yake nimeiandika kwa kalamu,
kwenye karatasi,
mara mbili.