Tarishi wa Figoni

Nyigu hawakuanza wao.
Lali ndiye aliyechokoa kidaka kwa mpini wa ufagio,
kidaka cha juu kabisa katika nyumba ya babu zake kule Mkomani,
ambamo siku hizi hamna sahani wala chetezo.
Nyigu wamehamia, wamefinyanga, wamezaa.
Wakamchoma: wawili shavuni, mmoja shingoni.

Hayo nilisimuliwa baadaye.
Mimi niliona mlango ukifunguliwa kwa bega,
Somoe akaingia, mtoto mikononi,
midomo ya mtoto imeumuka kama andazi lililozidi hamira,
na kifuani mluzi mwembamba
wa hewa inayoomba njia.
"Ndooni," akasema, "ndooni,"
kana kwamba sisi ndio tulio mbali.

Hapo tarishi wangu akatoka.

Ana vibanda viwili huyo, kimoja juu ya kila figo,
kama kofia ya vito iliyovaliwa upogo.
Siku nyingi hulala. Nikijaza rejista, hulala.
Lakini ubongo ukishtuka,
habari huteremka uti wa mgongo haraka kuliko fitina za Langoni,
naye huyoo, amejitosa damuni bila viatu,
anabisha kila mlango kwa wakati mmoja.
Kwa moyo: ongeza.
Kwa ini: fungua ghala, toa sukari, usiulize ya nani.
Kwa mboni: panukeni.
Kwa tumbo: wewe ngoja, mahamri yako hayana haraka.
Kwa ngozi: rudisha damu, wenye kukimbia wanaihitaji.
Na mikono yangu, ambayo hakuna aliyeiuliza,
ikaanza kutetemeka.

Hapa nataka nieleweke.
Dawa niliyokuwa nikiipapasa treini,
dawa ya Lali,
ni yeye huyo huyo.
Adrenalini. Mililita moja ndani ya kichupa
chenye shingo ya kuvunjwa.
Ndani yangu alikuwa wa kumwagika,
ndani ya bomba alikuwa haba, wa kupimwa,
na yule wa ndani ndiye aliyenizuia kumvuta yule wa nje.
Kichupa cha kwanza kilinipasukia vidoleni.
Nikavunja cha pili.

(Utaniuliza: kwani Lali hakuwa na wake?
Alikuwa naye, na bila shaka alimtuma.
Lakini mwili wake ulishaamua
kwamba matone matatu ya sumu ni jeshi zima,
ukalegeza mishipa yote, damu ikavuja pembeni,
presha ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba.
Tarishi mmoja hasikiki katika nyumba yenye kelele hizo.)

Paja, upande wa nje, katikati. Juu ya suruali, sikumvua.
Nukta tatu.
Nikahesabu kwa sauti, maana Bwanaheri wa zamu ya usiku alinifunza
kuwa muuguzi anayehesabu kwa sauti hawezi kulia.

Dakika. Ya pili.
Punda akalia nje, akanyamaza.
Ya nne, ule mluzi ukapata unene,
ukawa pumzi, ukawa kikohozi,
ukawa mtoto anayedai kiatu chake.

Kiatu.

Ndipo Somoe alipotazama chini, nasi tukatazama.
Unyayo wake ulikuwa umeandika njia nzima kutoka mlangoni,
kwa wekundu, mguu mmoja tu.
Kipande cha chupa kilizama kisiginoni
tangu, alikisia, kona ya mshona viatu.
"Sikusikia. Wallahi sikusikia."
Tarishi wake aliificha barua hiyo,
akampa mbio.
Sasa alikuwa akiondoka, maana hakai, dakika chache humtosha,
na akiondoka hurudisha vyote alivyoazima:
maumivu, baridi, udhaifu wa magoti.
Somoe akakaa sakafuni, akalilia kisigino.

Nikamshona nyuzi nne.
Mikono yangu ilikuwa imetulia, kazi imekwisha.
"Mbona moyo wakimbia," Lali akauliza, "na mimi nimelala?"
Kisha, midomo bado minene,
akataka kujua kama nyigu nao wana moyo,
na kama walipouona ule mpini ukija
ulidunda.

Lala, nikamwambia. Miguu juu.
Hadi leo sijamjibu.