Fomu Inauliza Idadi

Fomu ya wilaya inauliza: wanafunzi wangapi?
Nimeandika kumi na mmoja, nikafuta,
kwa sababu Kanku huja na mjukuu mgongoni,
na mjukuu ndiye aliyeitambua herufi ya kwanza kabla yake.

Inauliza: jengo ni la tofali au la mbao?
Ni la magunia. Magunia ishirini na sita ya chumvi
yaliyoshonwa kwa waya wa pampu.
Upepo wa jangwa la Kachi ukivuma
darasa hutanuka, hunywea,
nasi tunasoma huku tumeshikilia kuta.

Inauliza maji. Lori la maji huja Jumanne,
Jumanne isipopotea njia.

Mtu mzima, wasema, amekula chumvi nyingi.
Hapa chumvi ndiyo hula watu wazima,
nayo huanzia nyayoni.
Vaghji, mumewe Kanku, alipochomwa
moto ulimaliza kifua, ukamaliza fuvu,
nyayo ukazirudisha,
ngumu kama kwato.
Tulizizika kando, kwenye shimo dogo.
Fomu haina mstari wa hilo.

Basi niandike hivi:
Mwalimu: Jivti binti Devshi, darasa la nane.
Vifaa: chaki tatu, mlango wa kabati uliopakwa masizi,
na reki ya mbao, maana tope la jaruba
kabla halijaganda hukubali kuandikwa.

Tisa ya kwanza ya Kanku ilikuwa na urefu wa hatua nane.
Aliiburuta kwa mgongo mzima,
kisha akasimama ukingoni akiitazama
kama mtu aliyemwona shemeji yake sokoni.
Kulipokucha ilikuwa imeota fuwele.
Hatukuivuna. Tuliizunguka wiki nzima.

Kabla ya hapo alikuwa akiweka gumba.
Karani humbonyeza kwenye wino, kisha kwenye daftari,
na hakuna kitu: hakuna mistari,
chumvi imeilamba yote.
Doa la samawati tu, lingeweza kuwa la yeyote,
na miaka mingine lilikuwa la yeyote.

Mwezi wa Chaitra, malori.
Karani akasoma mizani: themanini na nne.
Kanku akasema, bila kupaza sauti,
"Hiyo ya mbele ni tisa. Niliilima mwenyewe."
Wapakizi wakaacha kutafuna.
Karani akasoma tena.
Tisini na nne.

Ningependa kuishia hapo. Mkaguzi naye angependa.
Lakini msimu uliofuata tajiri hakumkopesha Kanku dizeli,
wala jirani zake wawili wanaoketi naye kwenye magunia,
na pampu zao zikakaa midomo wazi.
Wanawake wanane walikuja usiku,
si kwa ajili ya herufi. Walikuja kugomba.
Champa alinitupia kibao cha mwanawe:
"Haya, mwalimu. Leo tupike irabu."
Sikuwa na jibu. Nilichemsha chai.

Taa ilipokaribia kuzimika
Kanku alifungua kopo la samli na kulikung'uta mkekani.
Rupia mia sita na arobaini.
"Andika," akaniambia. Kisha akaninyang'anya chaki.
Akaandika kila jina na alichotoa,
polepole, ulimi nje,
na Champa, ambaye hajawahi kuketi darasani,
akasema hilo jina lake limekosewa.
Alisema kweli. Lilikuwa limekosewa.
Hakuna aliyemwuliza amejuaje.

Dizeli ya michango ile ilitufikisha katikati ya Januari.
Baadaye tulivuta kwa ndoo.

Fomu inauliza: mafanikio.
Mstari mmoja, mfupi kuliko kidole changu.
Nimeuacha mtupu.
Ila chini, kwenye sahihi ya mzazi au mlezi,
Kanku ameandika jina lake lote.
Limevuka kisanduku,
limeingia hadi palipoandikwa
Kwa Matumizi ya Ofisi Tu.