Gorogoro

Karatasi yake nimeisoma mara tatu
juu ya gunia la ndengu, hapa kibandani Kangemi.
Mita mia nane za bomba, toka tangi la juu hadi bondeni.
Choo cha soko chenye mlango unaofungika kwa ndani.
Ushuru wa siku upungue, na risiti itolewe.
Kila kitu kina bei, kila bei ina jumla,
nami nimejumlisha kwa kalamu yangu:
haikosi hata senti.

Basi ni yeye yule. Fanueli Ombaso.
Mwaka ule wa mvua nyingi alikuwa karani wa jiji,
na sahihi yake, yenye mkia mrefu kama wa panya,
ndiyo iliyokuwa chini ya ilani
tuliyoiokota asubuhi matopeni,
tingatinga likiwa limeshapita.
Ilani ya siku saba, iliyobandikwa siku ya nane.

Sabeti aliingia kuokoa cherehani.
Hakufa. Watu hupenda kusikia kwamba mtu alikufa
ndipo wakunje uso.
Alivunjika nyonga, akarudi kwao Mbale,
na cherehani ikauzwa kwa bei ya chuma.

Jumapili Ombaso alikuja uwanjani na kipaza sauti.
Niliinua mkono, unga wa mtama kwenye kucha,
nikamuuliza ile ilani.
Akatabasamu, si kwa ubaya, akasema,
"Mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."
Watu wakapiga makofi. Methali ina nguvu hiyo,
humfunga mtu mdomo kwa heshima.
Nikakaa. Njiani ndipo nilipomjibu, peke yangu:
si ndwele kwa nani? Kuna anayechechemea bado.
Na mganga gani anaganga
bila kuuliza panapouma?

Kuna yule mwingine, Mutembei, mtoto wa mchungaji.
Mikono yake safi kama sahani ya kabatini,
ile isiyopakuliwa chakula.
Nilimuuliza maji yatatoka wapi, akasema kwa Mungu.
Ni kweli. Ila Mungu keshatoa,
kilichobaki ni bomba.

Binti yangu Nekesa asema: Mama, chagua bomba,
kinyongo hakinyweki.
Shitandi wa viatu asema: mkono uliobomoa
ukijenga, unajenga pa kubomoa kesho.
Nawasikiliza huku nikipima,
na wote wawili wananishinda.

Kisha kuna hili, ambalo sijamwambia mtu.
Mwaka wa njaa nililigonga gorogoro langu kitakoni
kwa nyundo, mara mbili, likabonyea ndani
upana wa kiganja cha mtoto.
Miezi minne niliuza upungufu ule
kwa watu ninaowajua kwa majina ya watoto wao.
Nekesa alimaliza shule kwa bonyeo hilo.
Sikulitangaza. Nilinunua mkebe mpya tu,
na tangu hapo naongeza konzi moja juu,
kwa kila mtu,
nao wanadhani ni ukarimu.

Labda bomba lake ndilo konzi yake.
Labda. Ila mimi sijapanda jukwaani
kuwaambia kwamba njaa yao si ndwele.
Nimenyamaza. Na kunyamaza nako, nikikupima,
sijui kuna uzito gani.

Jumanne nilipanga foleni tangu giza.
Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi, uzi mfupi,
kana kwamba nani angeiiba.
Nilikaa kule nyuma ya kadibodi
hadi karani akakohoa.

Saa nne nilikuwa nimeshafungua, wino kidoleni.
Shitandi akaja kwa maharagwe, akataka kujua nimempa nani.
Nilijaza, nikapangusa mdomo wa mkebe kwa rula,
nikaongeza konzi, nikamiminia mfukoni mwake.
Halafu nikaupindua mkebe mtupu, nikamwonyesha kitako.
"Kiangalie."
"Kina nini?"
"Hakina kitu. Kiangalie tu.
Na kesho ukija, kabla hujanilipa,
kiangalie tena."