Daraja la Fimbo

Mchana Mihambo hupanga tumbaku kwa madaraja:
hunusa jani, hulikunja, hulishusha bila huruma.
Jioni, kiwanja cha gofu Tabora, nyasi zimeungua,
amepiga fimbo mpya mara tatu
(mpya kwake; ya mtumba, laki na ishirini)
na sasa daftari liko pajani.

"Kichwa kizito kiasi. Mshiko hauponyoki hata kwa jasho.
Mpira ulikwenda kulia. Upepo."

Moshi wa jiko la Mama Nyanzala
unapanda wima kama mlingoti.
Akafuta upepo, akaandika kichuguu.
Akakitazama kichuguu: hatua arobaini, kushoto.
Akafuta.

Laki na ishirini imemkaa kooni.

Chini kabisa, kwa herufi za kujificha:
"Fimbo haina doa. Mpigaji, daraja la nne.
Apimwe tena Jumamosi."