Kinyota Mbele ya Samaki

Kwa wanaisimu wa Tartu, kinyota ni unyenyekevu:
ukikiweka mbele ya neno umekiri
kwamba hakuna sikio lililolisikia,
umelikisia tu kutoka kwa vitukuu vyake.

Ndiyo maana Endla, Februari, mto umeganda,
akaliita faili lake *kala:
samaki, kama walivyomtamka (labda)
watu ambao hawakuacha hata kaburi.
Kompyuta haikuguna. Jina halali.
Ikalipokea kama karani apokeavyo barua yoyote
mradi ina stempu.

Folda hiyohiyo, sauti za miaka kumi na mitano:
seto-kala, voru-kala, mulgi-kala,
mabibi jikoni, sufuria zikigongana,
kila mmoja akisema samaki kwa mdomo wake.

Usiku mmoja akalichoka kisio lake.
Irabu ile ya mwisho ilikuwa uongo.
Akaandika: futa *kala

Simama katikati ya soko, pale kando ya mto,
useme "Wewe!" bila kunyoosha kidole,
uone shingo zitakazogeuka.
Kwa mashine kinyota si unyenyekevu,
ni chochote, ilimradi kiishie hapa.
Yeye alimwita mmoja.
Waligeuka wote, wakatoka wote, bila kuaga.

Mimi ndiye fundi. Aliponipigia saa nane usiku
nilimweleza alama za kunukuu, mkwaju uliolala kinyume,
namna ya kuinong'oneza mashine:
hili ni jina, usilifumbue.
Nilijua kila kitu isipokuwa la kusema.
"Lakini jina lilikuwa halali," akasema.
Na amri nayo ilikuwa halali.
Halali mbili zilikutana mlangoni
na hakuna iliyompisha mwenzake.

Nakala ya akiba? Ya mwaka juzi, haifunguki.

Kulipopambazuka tulikuta faili moja.
Heino, mwanafunzi wa vidole vya pupa,
aliandika obinitsa-kalla,
l mbili, kosa alilogombezwa mbele ya wenzake.
Tukalibofya.
Kikohozi. Kiti kikiburutwa. Mtu anauliza kama tayari.
Kisha Bibi Nasto, aliyezikwa majira ya tufaha,
akasema samaki,
bila kinyota.