Kaki

Jumatatu taka za kuchomwa,
Jumatano plastiki,
Ijumaa ya pili ya mwezi chupa, lakini zioshwe,
na vifuniko vikae mbali.
Mwaka wa kwanza mfuko wangu ulirudishwa mlangoni
na bandiko jekundu kifuani
kama daftari langu la hesabu.

Sasa nimefuzu.
Saa moja asubuhi nasimama na mfuko msafi,
nainama kidogo, jirani anainama kidogo,
tunasema kuna baridi.
Kweli kuna baridi. Hakuna wa kubisha.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Bi Hatsue Karasawa,
wa nyumba ya vigae ng'ambo ya mfereji:
miezi kumi na minne ya "kuna baridi" na "kuna joto,"
na mara moja, siku ya kimbunga,
"kuna upepo."

Mwishoni mwa Oktoba nikakuta mfuko kwenye kitasa.
Matunda manane, rangi ya kiini cha yai la kienyeji.
Hapakuwa na barua.
Jioni nikamuuliza, yanaitwaje haya?
"Kaki," akasema.
Nikacheka peke yangu hadi kiwandani.
Kwetu kaki ni kaptura ya shule,
kiraka matakoni, na fimbo ya mwalimu wa zamu.

Alfajiri, nimetoka kazini na njaa,
nikang'ata moja bila kulimenya.
Mama yangu!
Ulimi ukawa turubai.
Mashavu yakavutana kama mdomo wa mfuko wa kamba.
Ukakasi, nikasema kwa sauti, jikoni, mbele ya friji,
neno ambalo sikuwa nimelihitaji
tangu mabibo ya utotoni.
Kaki. Ukakasi.
Kumbe jina lilishanionya,
ila mimi nililisikia kwa sikio la kaptura.

Ilikuwa siku ya plastiki. Bi Hatsue akanitazama mdomo,
akajua.
Akafunika kinywa kwa kiganja, akacheka,
akacheka mpaka mfuko ukamponyoka
na vikopo vya mtindi vikatawanyika barabarani.
Tukaviokota pamoja.
Hatukuzungumzia hali ya hewa.

Jumapili akanifundisha.
Menya, bakiza kikonyo.
Funga uzi. Chovya kwenye maji yanayotokota, hesabu kumi.
Tundika penye upepo, yasigusane,
kama watu wasiojuana.
Baada ya wiki mbili uyakande kila siku
kwa vidole viwili, mpaka yawe laini hivi,
akavuta ndewe la sikio lake.

Basi nina shughuli.
Natoka zamu, mikono inanukia mchuzi wa soya
wa maboksi elfu tatu ya chakula cha watu wengine,
na kabla sijalala nayakanda saba yangu.
(Moja nililila kwa ujinga.)
Edilson, Mbrazili wa mkanda wa wali,
anauliza siku hizi nakimbilia nini nyumbani,
nimepata mwanamke?
Namwambia ninao saba.

Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya mji
hupiga muziki wa kuwarudisha watoto majumbani.
Ndio unaoniamsha.
Wao wanaingia, mimi nafunga viatu,
na dirishani saba wangu wanabembea
kwa upepo unaoshuka mlimani.

Desemba yamekunjamana, yameiva giza,
yametoa unga mweupe. Nikadhani ukungu.
Bi Hatsue akapitisha kidole, akalamba:
sukari.
Nikauliza, na ule ukakasi umekwenda wapi?
Akafikiri sana. Haujaenda, akasema.
Umo humo humo. Umenyamaza tu.
Au pengine alisema umelala;
Kijapani changu bado kina mashimo.

Leo nimekata la kwanza.
Nusu nimekula nikiwa nimesimama, soksi mbili mbili,
chai ya rangi ikipoa pembeni,
na sikutaka kumeza.

Nusu ya pili nimeifunga kwenye karatasi,
nimevuka mfereji kwa kunyata
nikaitundika kwenye kitasa chake.

Kesho ni siku ya chupa.
Zangu nimeshaziosha.